Mjane wa Mume Mzima

Siku kumi na mbili Yuranis Pertuz alilala na kuamka na sentensi moja kooni, kama aliyemeza mwiba wa samaki: "Huyu ni msichana wa vitafunio tu, shangazi. Mwonyesheni pa kuweka sinia."

Aliyesema hayo si adui. Ni Deimer Cantillo, fundi wa maspika makubwa ya mtaani, mwanamume ambaye Jumapili iliyotangulia alikuwa amemshika kiuno nyuma ya karakana na kumwambia kwamba bila yeye hata upepo wa jiji la Barranquilla haumwingii mapafuni. Ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa kwa mama yake, doña Nuris. Nyumba imejaa wajomba na mashangazi wa kutoka Santa Marta, watu wanakula hadi ngazini, na Yuranis anaingia na sinia la arepa, vitumbua vya mahindi vyenye yai ndani, lililoagizwa kwa mama yake mdogo. Shangazi mmoja mwenye hereni kubwa kama bangili akauliza, "Na huyu mrembo ni wa nani?"

Deimer akamtazama mama yake. Akatazama sinia. Kisha akasema aliyoyasema, na mama yake akatabasamu kwa mbali, kama mtu aliyesikia jibu sahihi darasani.

Miezi minane ya mapenzi ikaishia mezani, kati ya arepa na bakuli la pilipili.

Mwingine angekwenda nyumbani akajifungia alie. Lakini Yuranis alikuwa na miaka ishirini, na hasira yake haikuwahi kungoja foleni. Alitoka na aproni yake kiunoni, nywele zinanuka mafuta, akakata kona mbili na kuingia uani kwa mzee Ubaldo kinyozi, ambako wapiga litania walikuwa wakifanya mazoezi ya kanivali.

Pale mtaani Barrio Abajo kila mtu anawaogopa hao wanaume wanane. Siku za kanivali huvaa kanzu nyeusi za kipadri na kofia ndefu, na kupita mlango hadi mlango wakiimba madhambi ya watu kwa vina. Mmoja anatoa ubeti, saba wanaitikia kama walio kanisani. Wakikusema, unacheka na unawamiminia kinywaji. Ukikasirika, umeshindwa, na utasemwa hadi kanivali ya mwaka ujao.

"Mzee Ubaldo, mna ubeti wa doña Nuris?"

"Wa Nuris?" Mzee alicheka, penseli imekaa sikioni. "Mwanangu, yule mama namshikia wapi? Miaka kumi na minne mjane, nguo nyeusi juu mpaka chini, misa ya marehemu kila Novemba. Hata nzi anapiga hodi kabla ya kutua kwake."

"Mumewe hajafa."

Penseli ikashuka sikioni yenyewe. "Rudia."

"Hakuzama na mashua yoyote. Yuko Ciénaga, saa moja na nusu kwa basi. Ana mwanamke na duka la vipuri vya pikipiki."

"Umeambiwa na nani?"

"Na mtu anayejua."

Ubaldo akamtazama kama anavyotazama kichwa kabla ya kukinyoa. "Jina lako halitatoka hapa, sisi hatusemi nani kaleta nini. Lakini sikiliza, binti. Wanaume wanane wakishaimba kitu, hakuna kifutio. Una hakika?"

"Andika."

Yuranis aliyajua hayo kutoka kwa Deimer. Alimwambia mwenyewe, kichwa kikiwa mapajani mwake, machozi yakimlowanisha gauni: "Tunajua mimi na mama peke yetu. Na sasa wewe." Watu watatu. Hesabu ya mtoto wa chekechea, na Yuranis hakuipiga.

Alirudi nyumbani amepoa, amependeza, kama mtu aliyetoka kuoga. Usiniite jina lolote, alimwambia Deimer moyoni. Mama yako ndiye atakayeitwa.

Basi Ijumaa ya kuamkia kanivali, si ndiyo Deimer akajileta. Yuranis alikuwa mlangoni na mama yake mdogo Delcy, sufuria la mafuta linachemka, wateja watatu wanangoja.

"Kijana," mama Delcy akasema bila kuinua macho, "leo umekuja kama mteja au kama mwizi?"

"Nimekuja kuomba msamaha, mama."

"Msamaha hatukaangi hapa. Kuna arepa na kuna muhogo."

Wateja wakacheka. Deimer hakucheka. Alikuwa hajanyoa, na macho yake yalikuwa mekundu kama aliyelala karakanani. Alizunguka meza, akasimama mbele ya Yuranis, mbele ya watu wote, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara:

"Nilikuwa mwoga. Nimemwambia mama kila kitu. Nimemwambia kama hakutaki wewe, basi aanze kunizoea kwa picha. Amesema uje Jumatatu ule naye. Mezani, Yuranis. Kwenye kiti."

"Na wale mashangazi wa Santa Marta?"

"Nimewapigia simu mmoja mmoja. Yule wa hereni kasema alijua, kwa jinsi nilivyogeuka rangi."

Alikuwa na harufu ileile ya gundi ya mbao na sabuni. Neno lilikuwa tayari ulimini mwa Yuranis: Deimer, nimefanya jambo. Lilikuwa dogo tu, la kutamkwa kwa pumzi moja. Lakini ndani yake kulikuwa na kitu kigumu kama kokwa, nacho kikasema: ngoja. Huyu kalia siku moja, wewe umelia kumi. Na yule mama aliyetabasamu, acha naye aonje mbele za watu. Baada ya hapo tutakuwa tumelingana, na maisha yataendelea.

"Nitakuja," alisema.

Jumatatu ya kanivali doña Nuris alikuwa amepika chungu cha mbaazi na nyama ya chumvi cha kulisha kikosi. Watu walikuwa wanaingia na kutoka, nyuso zimepakwa unga, kila mmoja na bakuli lake. Aliyempokea Yuranis mlangoni ni Maryoris, dada mdogo wa Deimer, msichana wa miaka kumi na saba mwenye kicheko cha kuambukiza.

"Wifi," alisema, na neno hilo likampita Yuranis mgongoni kama maji baridi. "Hebu njoo. Siwezi kukuacha uingie na nywele hizo, mama atazitazama mpaka zikatike."

Alimkalisha chumbani, akamsuka upande mmoja, akambandika ua jekundu. Ukutani kulikuwa na picha ya mwanamume mwenye masharubu na mshumaa chini yake.

"Huyo ni baba," Maryoris alisema, pini zimo mdomoni. "Unajua sikumbuki hata sauti yake? Nilikuwa na miaka mitatu. Kila Novemba namwandikia barua, padri anaiweka chini ya altare. Mwaka jana nilimwandikia kuhusu Deimer na wewe."

Yuranis akamtazama kwenye kioo. "Ulimwandikia kuhusu mimi?"

"Nilimwambia kaka amepata mtu, lakini anamficha, mjinga yule. Nikamwomba amtie moyo wa kusema." Akacheka. "Umeona? Wafu wanasikia."

Hapo ndipo sentensi ya Deimer ilipomrudia Yuranis, safari hii ikiwa nzima. *Mimi na mama peke yetu.* Alikuwa ameisikia, na hakuwa ameisikia. Alikuwa amelenga gauni jeusi la mjane, na mbele ya gauni alikuwa amesimama mtoto.

"Maryoris, naomba nimwone kaka yako. Sasa hivi."

"Atakukimbia? Kaa nimalize."

"Tafadhali."

Alimkuta Deimer uani akikoleza moto, akamvuta mkono. "Kuna jambo lazima nikwambie kabla hawajafika."

"Hawajafika nani?"

Kabla hajajibu, doña Nuris akatokea na mwiko mkononi. Gauni jeusi, viatu vyeusi, hata kitambaa cha kujifutia jasho cheusi. Alimtazama Yuranis kutoka ua mpaka kidole cha mguu, taratibu.

"Mwanangu kasema hatakula mpaka ukae. Basi kaa, wageni wangu wana njaa." Akamwekea bakuli. Kisha, kwa sauti ya chini kidogo: "Siku ile nilikosea kutabasamu. Mimi ni mgumu, lakini si mbaya. Onja uniambie chumvi."

Yuranis akaonja. Hakusikia chumvi wala nyama. Alisikia ngoma.

Zilitoka upande wa kanisani, zikakata kona, na nyumba nzima ikamiminikia barazani kama maji yaliyofunguliwa. Kanzu nane nyeusi zilikuwa zimejipanga mbele ya mlango, na nyuma yake nusu ya mtaa. Mzee Ubaldo alipomwona Yuranis amesimama kati ya Deimer na mama yake, ua kichwani, alikohoa. Akatazama karatasi. Akaanza na jirani wa kushoto, aliyepaka nyumba rangi mbele tu, nyuma akaiacha kama alivyoikuta. Watu wakaangua kicheko, doña Nuris naye akacheka mpaka akashika mbavu.

"Na mimi je?" aliuliza. "Miaka yote mnaniruka. Mnaniona sitoshi?"

Yuranis alijaribu kukamata jicho la Ubaldo. Alitikisa kichwa, mara moja, mara mbili. Mzee akainamisha kofia, kama anayesema, nilikuonya. Akainua sauti:

"Huyu mama wa nyeusi,
kila mwaka msibani,
mume ni mzima basi,
yuko Ciénaga pwani."

Na saba wakaitikia, mikono vifuani: "Apumzike kwa raha."

"Joselito wetu sisi
hufa kesho mitaani,
wa kwake hafi upesi,
ana mwingine nyumbani."

"Apumzike kwa raha."

Joselito huyo kila mtu anamjua, ndiye kanivali yenyewe, mwanasesere anayezikwa Jumanne ya mwisho wa kanivali huku wanaume waliovaa magauni wakimlilia kwa mbwembwe. Kicheko kikalipuka nyuma, kikaja mbele, kikafika barazani. Kilipofika barazani kikafa.

Doña Nuris hakupepesa. Kusema kweli, mwanamke yule alikuwa simba. Alitabasamu, akachukua chupa ya ramu, akashuka ngazi.

"Mzee Ubaldo, sauti imekukonda. Kunywa."

Watu walianza kupumua. Alikuwa ameshinda, kwa sheria zote za kanivali alikuwa ameshinda. Lakini alipomimina, ramu ilijaa kikombe, ikafurika, ikamwagikia kiatu cha mzee, na yeye bado anamimina.

"Mama," Maryoris akasema kutoka mlangoni. "Wanasema nini?"

"Ni kanivali, mwanangu. Ingia ndani."

"Mbona unamwaga?"

Doña Nuris akatazama chupa mkononi mwake kama kitu cha mtu mwingine.

"Mama, baba yuko hai?"

"Yuko hai," doña Nuris alisema.

"Na anajua kwamba mimi nipo?"

Mama akaiweka chupa ngazini. Alikuwa amezika mume mzima kwa miaka kumi na minne, amevaa joto la rangi nyeusi katika mji wa jua, ili asije akaulizwa swali hilo moja.

"Mama. Anajua?"

"Anajua. Nilimpelekea picha mpaka nikachoka."

Maryoris aliitikia kwa kichwa, polepole, kama aliyeelekezwa njia. Aliingia ndani, akatoka na mkoba wake. Akamgeukia mpiga litania aliyekuwa karibu, kijana wa watu na kofia yake ndefu, akamuuliza kwa adabu: "Basi la Ciénaga leo linapita wapi, barabara zimefungwa?"

"Nyuma ya uwanja," kijana akasema, na kofia akaivua.

Deimer akamkimbilia dada yake, akamshika bega. Maryoris akamtoa mkono. Akamshika tena, akatolewa tena, na Maryoris akaenda zake. Ndipo akasimama, na Yuranis akamwona anahesabu. Aliona hesabu ikipita usoni kwake: mimi, mama, na.

Aligeuka.

"Ni wewe?"

Angeweza kukana. Ubaldo asingesema kamwe. Lakini kile kitu kigumu kilikuwa bado kimo kifuani, na kilipenda kusikia sauti yake.

"Uliniita msichana wa vitafunio."

"Ndiyo."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu kumi na wawili, nimewahesabu kila usiku. Nilikukosea wewe, Yuranis. Maryoris alikukosea nini?"

"Sikujua kwamba yeye hajui."

"Nilikwambia."

"Nilitaka kukwambia leo, kabla..."

"Ijumaa nilisimama mbele ya sufuria la mama yako mdogo nikajivua nguo mbele ya mtaa. Ijumaa ulikuwa unajua. Jumamosi ulikuwa unajua. Jana tumecheza ngoma mpaka viatu vikaachia, kichwa chako kiko hapa." Akajigusa bega. "Na ulikuwa unajua."

"Nilikupenda na nilikuchukia. Vyote kwa pamoja. Wewe hujawahi?"

"Siku zote kumi na mbili hizi nilikupenda tu. Ndiyo maana sikulinda mlango."

Doña Nuris akapanda ngazi, moja, moja. Yuranis alingoja kofi, na kwa kweli alilitaka. Mama yule alinyoosha mkono, akalitoa lile ua kichwani mwake, kwa uangalifu, pini kwa pini, asimuumize.

"Hili ni la binti yangu," alisema. "Sasa nenda. Na usipite uani. Uani hupita watu wa nyumbani."

Kwa hiyo alipita mbele. Umati ulifunguka kumpa njia, na kwa jinsi ulivyofunguka alijua kwamba wote wameshaelewa. Mtaa ule haukuhitaji kuchorewa ramani. Mtu mmoja nyuma, mlevi kidogo, akapaza sauti: "Deimer, mpe mzee siri ya huyo. Naye aimbiwe, mambo yawe sawa."

"Mpe," mwingine akaitikia. "Mpe, mpe." Likawa kama kiitikio. Mzee Ubaldo, asiyejua tena atazame wapi, alikuwa na penseli mkononi kwa mazoea tu.

Yuranis akasimama. Maana Deimer alikuwa nayo. Siku ile ile aliyomlilia mapajani, Yuranis naye alimpa siri yake, ili wabadilishane. Mama yake, ambaye mtaa mzima unajua yuko kisiwani Curazao anatunza wazee wa Kizungu na kutuma zawadi, aliolewa kule na hajapiga simu mwaka wa nne sasa. Zawadi zote Yuranis alijinunulia mwenyewe sokoni, akazifunga kwa karatasi ya rangi, akamletea mama Delcy: tazama, mama katuma. Mama Delcy mwenyewe hakujua. Kila Krismasi mama Delcy alilia kwa furaha.

Deimer alishuka ngazi akaja mpaka karibu naye kabisa, mahali ambapo jana tu angembusu.

"Ninayo," alisema kwa sauti ya chini.

"Sema basi. Sema, yaishe. Ni haki yako."

"Ungependa."

"Deimer, sema."

"Nikisema tutakuwa sawa, mimi na wewe." Alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha. "Sitaki kuwa sawa na wewe."

Akaugeukia umati, akafungua mikono mitupu. "Sina kitu, jamani. Endeleeni na ngoma."

Wakati huo huo doña Eufemia wa duka la kona, aliyechelewa, aliyekosa kila kitu na kujisukuma mpaka mbele na kinywaji chake, akamwona Yuranis peke yake katikati ya njia na kumshika mkono wa blauzi.

"Ewe binti, hii ni mpya. Shika hapa, jamani, kitambaa kinateleza kama siagi." Akawageukia wengine. "Hii mtaani kwetu haiuzwi. Hii ni Curazao. Nimesema uongo? Mama yako kaituma lini?"

Deimer alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka pale.

"Wiki iliyopita, jirani," Yuranis alisema.

"Nilijua. Yule mwanamke hasahau mtoto wake." Doña Eufemia akamgeukia Deimer, amechangamka. "Eti, kijana? Haijampendeza?"

Deimer aliitazama blauzi, kola, vifungo, mshono wa begani ambao Yuranis aliurudia kwa mkono wake mwenyewe. Akamwinamia mama yule kwa adabu.

"Imempendeza sana," alisema, akaenda kumtafuta dada yake nyuma ya uwanja.